Urithi wa Kukeni Unaowaangamiza Nzi wa Matunda

Je, wajua kuwa ndani ya seli za wadudu wengi anaishi bakteria anayerithiwa kukeni tu? Anaitwa Wolbachia. Marshall Hertig na Burt Wolbach walimwona mwaka 1924 ndani ya mbu, huko Marekani. Mama humpitisha kwa wanawe kupitia mayai. Baba hampitishi.

Kwa bakteria huyu, basi, dume ni mwisho wa safari, lakini hamwachi bure. Hubadilisha mbegu zake, kiasi kwamba zikirutubisha yai la jike asiye na Wolbachia, kiinitete hufa. Yai la jike mwenye Wolbachia wa aina ileile lina kinga, nalo huanguliwa salama. Mwaka 1967 Hannes Laven alitumia uhasama wa namna hiyo kati ya koo za mbu: aliachia madume katika kijiji cha Okpo, Burma, hadi mbu waliolengwa wakatoweka.

Mkulima wa matunda ana adui anayefaa kushughulikiwa vivyo hivyo. Nzi wa matunda wa Mediterania, mwenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara, hutoboa ganda la chungwa, pichi au buni mbivu na kutaga humo. Funza hula wakiwa ndani, ambako dawa inayopuliziwa nje haiwapati kwa urahisi. Kwa kawaida nzi huyu hana Wolbachia. Ndipo watafiti wa Ugiriki, wakiwemo Stefanos Zabalou na Kostas Bourtzis, wakamtoa bakteria kwa nzi wa cheri wa Ulaya na kumdunga katika mayai machanga ya nzi huyu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2004: madume wa ukoo mpya walipopandana na majike wa kawaida, mayai yalikufa karibu yote.

Ugumu uko kwa majike. Wakiachiwa pamoja na madume, watazaa nao bila shida, Wolbachia ataenea shambani, na silaha itakuwa butu. Kwa hiyo bakteria alipandikizwa pia katika ukoo uitwao Vienna 8, ambao mayai yake yakiwekwa kwenye joto la takriban nyuzi 34, ya kike hufa na ya kiume hubaki. Naupenda ufundi huu kwa sababu hauhitaji kuwachambua nzi mmoja mmoja.

Kwa miongo mingi nzi hawa wamekuwa wakihasiwa kwa mionzi, ambayo huwadhoofisha madume katika kugombea majike. Wolbachia huwezesha kuipunguza: kiasi kidogo, cha kuhasi majike waliopenya tu, kinatosha. Huko Guangzhou, China, mchanganyiko huo ulikaribia kuwamaliza mbu wa Asia katika visiwa viwili vya mtoni, kama ilivyoripotiwa mwaka 2019. Nzi wa matunda anastahili jaribio kama hilo mashambani, na kwa maoni yangu lianzie Afrika, alikotoka.