Lumeni Moja

Kitochi cha Nitecore TUBE, cha kuning'iniza kwenye funguo, hakifiki gramu 10. Betri yake ya kuchaji ni ya miliampea-saa 65, ndogo kuliko ya simu janja kwa zaidi ya mara 50. Kikiwashwa kwa nguvu zote hutoa lumeni 45 kwa muda wa saa moja hivi. Kikishushwa hadi lumeni 1, mtengenezaji anakihesabia saa 48. Wauzaji hupenda kuitaja ile 45. Mimi naamini tochi ya aina hii hununuliwa kwa ajili ya ile 1.

Mshumaa mmoja hutoa lumeni 12 hivi, lakini mwanga huo hutawanyika darini, ukutani na machoni mwa aliyeushika. Kitochi huutupa mwanga wake wote mbele. Kwa kitu kilicho umbali wa mkono, lumeni moja iliyoelekezwa vizuri inatosha kabisa, na kazi nyingi za kitochi cha funguo ziko umbali huohuo: tundu la kufuli, chenji ya bodaboda, viatu mlangoni, mtoto anayekohoa ndani ya chandarua.

Dar es Salaam iko karibu na ikweta, hivyo mwaka mzima jua huzama baada ya saa kumi na mbili jioni, kabla ya saa moja, na giza huingia upesi. Jiji nalo linatambaa. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541, ya 2022 ikahesabu 5,383,728, na ujenzi unaendelea kusogea pembezoni: Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni, Chamazi na Toangoma upande wa Temeke. Huko nyumba hutangulia, taa za barabarani zikafuata baadaye sana. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024, na hilo ni jambo kubwa. Hata hivyo nguzo ikianguka kwa mvua au transfoma ya mtaa ikilipuka, mtaa huo utalala gizani hata bwawa likiwa limejaa.

Halafu kuna LUKU, umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Tokeni ina tarakimu 20, na siku hizi wengi huipata kwa ujumbe wa simu. Umeme ukikata usiku na mita iko nje ukutani, simu inadaiwa kazi mbili kwa wakati mmoja: taa yake iko mgongoni, namba ziko usoni. Ukiigeuza umulike vibonye, namba huzioni. Ukizisoma namba, vibonye vimepotea. Kitochi cha funguo kinabanwa kwa midomo, mkono mmoja unashika simu, mwingine unabonyeza. Lakini kikiwa kwenye lumeni 45, uso wa mita unaurudisha mwanga wote machoni, na tarakimu ya kumi na saba unaibahatisha.

Chanzo cha usumbufu huo kiko ndani ya jicho. Tuna aina mbili za seli za kupokea mwanga. Seli koni hutumika mchana na ndizo zinazotambua rangi. Seli fimbo, ambazo ni nyingi zaidi, hutumika gizani. Fimbo hutegemea kemikali iitwayo rodopsini, ambayo mwili huitengeneza kwa vitamini A. Mwanga mkali huivunja papo hapo, na kuijenga upya kikamilifu huchukua nusu saa au zaidi. Ndiyo sababu mtu aliyekuwa akiuona uani wake vizuri kwa mbalamwezi, akimulika ukuta mweupe kwa nguvu zote kisha akazima, hubaki akipapasa. Mwanga hafifu hauivunji akiba hiyo kwa kiasi hicho.

Jicho lina tabia nyingine ambayo wanunuzi wachache huifahamu. S. S. Stevens wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyechapisha kanuni yake 1957, alionyesha kuwa gizani mwanga lazima uongezwe karibu mara nane ndipo tuuone umeongezeka mara mbili. Tochi yenye ngazi za lumeni 20, 40 na 60 kwa hiyo ina ngazi tatu kwenye boksi tu. Machoni zinakaribiana mno. Ngazi za 1, 8 na 60 ndizo jicho huziona zikipishana sawasawa. Binafsi naona mbili zinatosha kwenye kitu kidogo hivi, ya chini kabisa na ya juu, na ile ya kumetameta ingeondolewa.

Anasa hii ya mwanga mdogo ni ya juzi tu. Tochi za bati za betri kubwa mbili au tatu, ambazo wazee wa Temeke bado wanazikumbuka, zilikuwa na balbu ya waya. Waya ukipunguziwa umeme hugeuka mwekundu na karibu nguvu yote huishia kwenye joto. LED ni kinyume: ukiipunguzia umeme, kila tone la nguvu hutoa mwanga mwingi zaidi kuliko lingetoa kwenye ukali. Njia ilifunguliwa na Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, waliofanikisha LED ya bluu yenye mwanga mkali mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kupewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia 2014. Bluu hiyo ikipakwa unga maalumu wa rangi ya njano hutoa mwanga mweupe. Mwaka 2003 Nokia walitoa simu ya 1100 yenye tochi kichwani, zikauzwa zaidi ya milioni 250, na hadi leo simu ndogo kwetu ni kitochi, kwa Wakenya ni mulika mwizi.

Nguvu zote zina nafasi yake. Njia ya Chamazi wakati wa masika, dimbwi limejaa na hujui kina, au mbwa anabweka mbele na humwoni: hapo bonyeza juu. Lakini usitarajie masafa. Kwa kipimo cha ANSI/NEMA FL1, kilichotolewa 2009, umbali wa tochi huishia pale mwanga wake unapobaki luksi 0.25, sawa na mbalamwezi ya mwezi mpevu. Kuuongeza umbali huo mara mbili kunahitaji ukali mara nne, na lenzi nyembamba kuliko kidole haiwezi. Mwili mdogo pia hupata moto haraka, kwa hiyo vitochi vingi hujishusha vyenyewe baada ya muda mfupi.

Swali ninalolipa uzito kuliko idadi ya lumeni ni hili: mbonyo wa kwanza unawasha nini? Vingine hukumbuka ngazi ya mwisho kutumika, na usiku unaofuata chumba kizima kinaamshwa. Kinachofaa huanza chini kila mara, na juu hupatikana kwa kubonya mara mbili.

Ukiwa Kariakoo, mwombe muuzaji akiwashe kwenye ngazi ya chini, kisha kipunge haraka mbele ya macho yako. Ukiona mstari mmoja mzima, LED inalishwa umeme kidogo mfululizo. Ukiona vidoti, inawashwa kwa nguvu na kuzimwa mara nyingi kila sekunde. Kitafanya kazi, ila faida ile ya kula kidogo inapungua. Kama kinatumia betri bapa za CR2032, hakikisha kifuniko kinafungwa kwa skrubu. Betri hiyo ikikwama kwenye umio wa mtoto huweza kuunguza vibaya ndani ya saa mbili, kwa hiyo akimeza, apelekwe hospitali hapo hapo hata kama halalamiki maumivu.