Kilango cha Bomba la Moshi: Kwa Nini Tumekirudisha Katika Gari la Chama



Katika mkutano wetu uliopita mzee mmoja aliinuka akauliza kwa nini Kamati imetoa fedha za Chama kununua kipande cha chuma ambacho Kamati hiyo hiyo, miezi michache kabla, ilitoa fedha kukiondoa. Watu walicheka, na mimi nikacheka nao, lakini swali lilikuwa la haki na jibu nililolitoa siku ile lilikuwa fupi mno. Leo nalijibu kwa urefu. Baadhi yenu mna magari ya namna ile ile, na nasikia wapo mafundi wanaowashauri mkiondoe kilango hicho ili gari lipate nguvu.

Kwanza tufahamiane ni kitu gani. Malori madogo ya dizeli yanayotujia kutoka Japani yakiwa yamekwisha tumika, kama Mitsubishi Canter, Isuzu Elf na Toyota Dyna, mengi yao yana kilango ndani ya bomba la moshi, mbele kidogo ya pahala linapotoka kwenye injini. Ni kisahani cha chuma kilichopitishwa kijiti katikati. Kikiwa wazi husimama ubavu, moshi ukapita pande zote mbili bila ya taabu. Kikifungwa hulala kikaziba njia, na moshi ukakosa pa kwenda.

Kazi yake ni breki. Dereva akivuta kile kimkono kidogo kilichopo kwenye usukani, taa huwaka mbele yake. Na mara anapoondoa mguu kwenye mafuta, kilango hujifunga. Pistoni zinapopanda kuutoa moshi hukuta mlango umefungwa, zikalazimika kuusukuma moshi ulioshindiliwa, na kazi hiyo huila mbio ya gari. Akigusa mafuta au akikanyaga klachi, kilango hufunguka tena. Katika magari mengi ya namna hii kinachokivuta ni nguvu ya kunyonya hewa, itokayo katika pampu ndogo ambayo mara nyingi imefungwa nyuma ya alternita na kuletwa kwa mpira mwembamba. Naomba mpira huo muukumbuke, maana nitaurudia.

Kilango cha gari letu kiliganda. Masizi yalikuwa yamejaa kwenye kijiti, na kisahani kikawa kimekwama nusu, si wazi wala si kimefungwa. Gari likawa zito, likitoa moshi mweusi, na kupanda nalo kutoka mashambani na magunia ya karafuu ikawa ni kusukumana na gia ya kwanza. Dereva wetu, kijana hodari na mpenda kujifunza, alitazama katika simu yake akaona mafundi wa Marekani wakionyesha kilango kama hiki hiki, wakikifungua, wakikitoa kisahani na kukitupa, na gari lao likapona. Akatuletea habari. Kamati ikasikiliza, na mimi Katibu nikaandika azimio kwa mkono wangu: kitolewe. Fundi alikikata, akaziba tundu za kijiti kwa kuchomelea, na gari likapanda kama jipya. Tulijiona tumefanya jambo la maana.

Kosa letu ni kwamba hatukuuliza kile cha Wamarekani kilikuwa na kazi gani. Baadaye nimelifuatia jambo hili, na niliyoyapata ni haya. Kampuni ya Ford ya Marekani, kuanzia mwaka 1994 hadi 2003, ilikuwa ikitia katika pikapu zake kubwa injini ya dizeli ya lita 7.3 iitwayo Power Stroke. Nyuma ya turbo, pale moshi unapotoka, nyingi ya injini hizo zilitiwa kilango cha kuurudisha moshi nyuma. Umbo lake ni lile lile, lakini hakikuwekwa kwa ajili ya breki. Kiliwekwa kwa ajili ya baridi. Katika majimbo ya kaskazini ya nchi ile maji huganda ndooni usiku, na injini ya dizeli ikiwashwa asubuhi bila ya mzigo hukawia sana kupata moto. Basi kompyuta ya gari ikiona kwamba hewa ni ya baridi na mafuta ya injini hayajapata moto, hukifunga kilango. Injini ikafanya kazi nzito pale pale ilipo, ikapata joto upesi, na mwenye gari akapata hewa ya moto ndani. Sisi wa Pemba, ambao baridi yetu kubwa ni upepo wa kusi, hatuna haja nayo hata siku moja.

Na hata wao kiliwaudhi. Kilango hicho husukumwa na mafuta ya injini yenyewe, kwa pistoni ndogo iliyomo ndani ya kile kikalio cha turbo, na mpira wa pistoni hiyo ukichakaa mafuta huvuja kwenye injini. Kipo pia kibomba chembamba kinachompelekea mpimaji habari za kani ya moshi, nacho huziba kwa masizi, mpimaji akasema uongo. Kisahani kikikwama hali kimefungwa, gari hulia kama ndege na nguvu hazipo. Ndiyo sababu wengi walikitoa kisahani, au wakabadilisha kikalio chote wakatia kisichokuwa na pistoni, huku wakiiacha plagi ya umeme pahala pake ili kompyuta isiwashe taa ya hitilafu. Kwa mtu anayekaa kwenye joto, hasara ya kufanya hivyo ni ndogo.

Lakini wapo Wamarekani wengine, hasa wenye kukokota matrela milimani, waliofanya kinyume. Wametia swichi ili kilango kile kijifunge wakati wanapoteremka, wapate breki. Nao wanaonywa, kwa sababu springi za valvu za injini ile hazikutengenezwa kwa kani kubwa ya namna hiyo, na kani ikizidi valvu ya moshi huweza kufunguka si wakati wake. Nilipoyasoma hayo nilikaa kimya kidogo. Watu wale wanahangaika kukigeuza kilango chao kiwe kile ambacho sisi tulikuwa nacho tangu gari lilipotoka kiwandani, nasi tukakikata kwa msumeno.

Sasa nieleze lililotokea, maana wengine mmelisikia likiwa limeongezwa chumvi. Msimu uliopita tulipakia magunia 40 ya karafuu kavu, kila moja kiasi cha kilo 50, yaani tani mbili. Mimi nilikuwa mbele pamoja na dereva, na juu ya magunia walikuwapo vijana wanne, jambo ambalo pia halikupasa. Tulipoanza teremko la kuingia Mkoani dereva alivuta kimkono kama alivyozoea. Taa ikawaka. Gari halikupungua. Akakanyaga breki, zikashika. Akakanyaga tena, zikashika kidogo. Mara ya tatu nilimwona amesimama juu ya pedali kwa mguu wote, na jasho linamtoka. Harufu ya breki zilizoungua ilikuwa imetujaa ndani. Alhamdulillahi alipata akili ya kurudisha gia ya pili, injini ikalia kwa uchungu, akalisugua gari kwenye ukingo wa udongo upande wa kushoto mpaka likasimama. Kijana mmoja aliteguka mkono. Magunia sita yalipasuka, na mpaka magharibi tulikuwa tukiokota karafuu njiani kwa mikono.

Fundi wa pili tuliyemwita alilala chini ya gari muda mfupi tu akatuita tuone. Ule mpira mwembamba nilioutaja ulikuwa umeachwa unaning'inia, mdomo wazi. Katika gari letu mpira ule unagawana pampu moja na kile chombo kinachomsaidia dereva kukanyaga breki. Basi kila dereva alipovuta kimkono, swichi ilifungua njia, na nguvu ya kunyonya ikavuja hewani badala ya kuzisaidia breki. Ina maana tulikuwa tumeikata breki moja, na kwa mpira ule tukaidhoofisha ya pili, wakati ule ule tulipozihitaji zote. Juu ya hayo mafuta ya breki yalikuwa ya zamani, na mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa yetu. Yakipata moto sana huchemka, na pedali ikazama.

Kilango tulichonunua kimetoka katika gari bovu la aina hiyo hiyo, kikasafishwa. Na hapa ndipo ninapoona uchungu zaidi: kile cha kwanza hakikuwa kibovu. Kilihitaji kufunguliwa boliti zake, kukwanguliwa masizi, kijiti kutiwa mafuta na kuchezeshwa mpaka kiende na kurudi chenyewe. Ni kazi ya asubuhi moja. Wala kukitoa hakukulipa gari nguvu mpya. Gari lilipata nguvu kwa sababu kizibo kiliondoka, na kusafisha kungalileta nguvu zile zile, kwani kisahani kilicho wazi hakizuii moshi ila kidogo sana.

Wenye magari, jaribuni hivi. Gari likiwa limesimama na injini inawaka, mtu mmoja avute kimkono na mwingine atazame chini: kijiti lazima kizunguke hima, na kirudi hima dereva akigusa mafuta au klachi. Kisipotikisika, tazameni kwanza mpira kama umepasuka, kisha swichi za pedali, kisha masizi. Msianze na msumeno. Kama kilango kimekwama na mnataka kutembea leo, kifungeni kibaki wazi kwa waya, mpira uzibwe kwa boliti na kibano, na dereva aambiwe kwamba hana breki hiyo. Na wenye magari mapya zaidi, yale yenye chujio la masizi katika bomba, msiguse kabisa bila ya fundi anayeyajua, maana katika mengi yao kilango husaidia kulipa chujio joto la kuunguzia masizi.

Kamati imekwisha amua kwamba mafuta ya breki ya gari la Chama yatabadilishwa kila mwaka kabla ya mavuno, na kwamba hapandi mtu juu ya magunia. Dereva atakuwapo uwanjani kwa ofisi Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya sala, na kilango cha zamani kilichokatwa kitakuwa mezani. Atakayekuja na gari lake aje nalo likiwa tupu.

Katibu