Kwa Nini Mayai Yetu Yalikuwa Yakivunjika?

Wahenga walinena: kuku wa mkata hatagi, akitaga haangui, na akiangua, vifaranga huchukuliwa na mwewe. Kwetu hapa Airport, Changamwe, kuku walitaga vizuri, lakini mayai yalivunjika kabla ya kufika dukani. Ndugu msomaji, nauli yangu ya kuja shuleni hutoka kwenye mayai hayo, kwa hivyo jambo hili halikuwa mzaha.

Kuku wetu ni mchanganyiko: kienyeji watatu, gredi wawili, chotara wanne, jogoo mmoja na vifaranga. Mwezi wa Februari mayai ya gredi yalianza kutoka na maganda membamba kama karatasi. Mengine yalikuwa ngozi tu. Nyanya akasema ni jicho la watu. Mama akasema wachinjwe. Mimi nikamwendea mwalimu wa Kilimo. Yeye hakuuliza habari za majirani, aliuliza, "Mnawalisha nini?" Nikajibu: pumba za mahindi na ukoko wa ugali. "Basi hilo ganda watalijenga na nini?"

Ganda la yai karibu lote ni chokaa, na lina takriban gramu 2 za kalsiamu. Kuku hulitengeneza kwa saa 20 hivi, nyingi zikiwa za usiku. Pumba karibu hazina kalsiamu, na kuku akiikosa katika chakula huikopa kwenye mifupa yake. Kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15, kisha huatamia, na katika mapumziko hayo hulipa deni. Gredi haatamii, naye aweza kutaga mayai zaidi ya 280 kwa mwaka. Yeye hukopa tu, mpaka miguu inalegea.

Joto nalo huongeza taabu. Kuku hatoki jasho, huhema. Akihema sana, damu yake hupoteza hewa ya kaboni inayohitajika kujengea ganda. Kivuli na maji baridi ni lazima.

Nilikimbilia kuwanunulia wote chakula cha kuku wa mayai. Kumbe nilikuwa naharibu! Chakula hicho kina kalsiamu kama asilimia 4, na vifaranga wanahitaji kama asilimia 1 tu. Ikizidi, huwaharibu figo.

Dawa ni hii. Vifaranga wale chakula chao ndani ya tundu. Wakubwa wote wale chakula cha kuku wanaokua, na kalsiamu iwekwe kando katika mkebe wake: makaka ya chaza yaliyopondwa, au maganda ya mayai yaliyokaushwa motoni na kusagwa, wasije wakajifunza kula mayai. Vipande visiwe unga mtupu. Vikubwa kidogo hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole usiku. Anayetaga atauendea mkebe mwenyewe, hasa jioni. Jogoo atadonoa kidogo aende zake.

Baada ya wiki tatu maganda yakawa magumu, na gredi wetu wangali hai. Nyanya anasema ni dua yake. Sibishani naye. Lakini wewe mwenzangu unayefuga, kabla hujamshuku jirani, tazama kwanza sahani ya kuku wako.