Si Kila Kwikwi ni Jini: Safari ya Langas na Kipimo cha Damu

Mwezi uliopita tulipanda Eldoret kuzuru jamaa, tukaombwa kufika mtaa wa Langas kumsomea mgonjwa. Tulimkuta mama wa watoto watatu ameketi juu ya mkeka, jicho moja halioni, na miguu haimbebi. Mumewe akatusimulia. Mwanzo jicho lilimuuma kila alipoligeuza, na kwa siku chache tu nuru ikapotea. Ikafuata kwikwi na matapishi ya siku kumi na mbili mfululizo. Kisha miguu ikafa ganzi.

Majirani walikwisha kukata shauri kuwa ni jini, na kwikwi ndiyo iliyokuwa shahidi wao. Tulisoma tulichoitiwa, wala hatujutii. Lakini tulipouliza daktari amesema nini, ikatolewa barua chini ya mto. Alitaka vipimo vya damu na vya maji ya uti wa mgongo. Mavyaa wa mgonjwa alikataa. "Sheikh, sindano ya mgongo inapoozesha watu."

Hapa yafaa tueleze. Kingamwili ni askari wa mwili, na baadhi ya maradhi hutokea pale askari hao wanapoushambulia mwili wenyewe. Katika maradhi yaitwayo maltipo sklerosisi, aliyoyaeleza Charcot huko Paris mwaka 1868, kinga huharibu utando unaofunika nyuzi za fahamu. Yapo maradhi mengine yanayofanana nayo, aliyoyaeleza Devic mwaka 1894, ambayo hupiga hasa mshipa wa jicho na uti wa mgongo. Kwa miaka mingi yalidhaniwa kuwa tawi la hayo ya kwanza. Mwaka 2004 watafiti wa Mayo Clinic ya Marekani, pamoja na wenzao wa Japani, walitangaza kuwa wameona katika damu ya wagonjwa hawa kingamwili ambayo wenye maltipo sklerosisi hawana. Mwaka uliofuata ikajulikana kuwa shabaha yake ni akwaporini-4, mlango wa maji katika seli za ubongo. Sehemu moja ya ubongo yenye milango hiyo kwa wingi ndiyo inayotawala kutapika, na ndiyo maana kwikwi isiyokoma huwa dalili.

Maradhi haya ya pili huwapata wanawake mara nyingi zaidi ya wanaume, na watu wa asili ya Afrika zaidi ya Wazungu. Kuyatenganisha si anasa ya wasomi. Baadhi ya dawa za maltipo sklerosisi, kama interferoni beta, huweza kuyazidisha, na kila shambulio laweza kuacha upofu au ulemavu wa kudumu.

Kipimo cha akwaporini hutumia damu ya mkononi tu. Ni vyema damu itolewe kabla ya kuanza dawa za steroidi, maana huweza kuificha kingamwili, ingawa matibabu ya shambulio hayangojei majibu. Maji ya mgongo hutafutwa kwa sababu nyingine: wagonjwa wengi wa maltipo sklerosisi huonekana humo mistari ya kingamwili isiyokuwamo katika damu. Hayo nayo hayatoshi peke yake. Daktari huyapima pamoja na picha za MRI na historia ya mgonjwa. Na jibu la kukosekana akwaporini halimtoi mtu hatarini moja kwa moja.

Ama sindano, huchomwa chini kiunoni, pahali ambapo uti wenyewe umekwisha kukoma. Wengine huumwa kichwa siku kadhaa baadaye.

Tulimweleza bibi yule haya yote, naye akanyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Hiyo ya mkononi yaweza kutangulia?" Tukamwambia yaweza. Hospitali ya Rufaa ya Moi imo mjini humo humo. Tukamhimiza mume aulize mapema sampuli itapelekwa maabara gani na kwa gharama gani, maana si kila maabara hukipima. Kina mama wa mtaa walianza kuchanga jioni ile ile.

Damu imekwisha kutolewa. Hadi tunaandika, jibu halijarudi, na mavyaa ndiye anayemsindikiza mkwewe kliniki.