Sauti na Sumu kwa Mlango Mmoja

Ukitoka Moshi kwa barabara ya Arusha, ukifika Boma Ng'ombe unakata kulia kuelekea Sanya Juu. Huko wilayani Siha, upande wa magharibi wa Kilimanjaro, ndiko iliko Hospitali ya Kibong'oto. Wagonjwa wa kifua kikuu wamekuwa wakipelekwa huko tangu 1926, na mwaka 2009 ikaanza kutibu kifua kikuu sugu. Mojawapo ya dawa ilikuwa sindano za kanamaisini, zilizochomwa kwa miezi kadhaa. Vijidudu vilikufa. Lakini baadhi ya wagonjwa walipona kifua wakabaki na masikio yanayovuma, au yasiyosikia kabisa.

Sindano ichomwe takoni, sikio ndilo liumie? Jibu limo katika namna sikio linavyosikia.

Sauti ni hewa inayotikisika. Hewa hupiga kiwambo cha sikio, kiwambo hutikisa vifupa vitatu, yaani nyundo, fuawe na kikuku, kisha kikuku husukuma majimaji ya sikio la ndani. Kazi ngumu huanza kwenye majimaji hayo, ndani ya koklea, mrija uliojisokota mizunguko miwili na nusu mfano wa koa la konokono. Ukinyooshwa hauzidi milimita 35 au hivi.

Ndani yake umetandazwa utando. Karibu na kikuku ni mwembamba na umekaza, kwa hiyo huitikia sauti nyembamba. Kadiri unavyoelekea kileleni hupanuka na kulegea, ukaitikia sauti nzito. Aliyeyaona mawimbi yakipita juu ya utando huo ni Georg von Békésy, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya simu ya posta ya Hungaria, na mwaka 1961 akapewa Tuzo ya Nobel. Ila masikio aliyoyachungulia yalikuwa ya maiti, na sikio lililo hai lina ziada: lina seli zinazojikunja na kujinyoosha kufuata sauti, zikaikuza. Mwaka 1978 David Kemp, huko London, alinasa sauti hafifu zinazotoka sikioni kwenyewe. Leo watoto wachanga hupimwa usikivu kwa njia hiyo.

Kila sikio lina seli za kusikia kama 15,000, na kila seli ina kishada cha vinyweleo vilivyounganishwa karibu na ncha kwa nyuzi ndogo mno. Utando ukitikisika, vinyweleo huinama, uzi hukazika na kuvuta kitundu kikafunguka. Chembe za potasiamu, zenye chaji chanya, huvutwa ndani na nguvu ya umeme, na seli hupeleka habari kwenye neva.

Kanamaisini nayo ina chaji chanya, na ni ndogo kiasi cha kupenya kwenye vitundu hivyohivyo. Huingia kwa urahisi, hutoka kwa shida, na ikikaa huko huua seli. Wa kwanza kufa ni wale wakuzaji wa sauti waliopo karibu na kikuku. Ndiyo maana mgonjwa huanza kupoteza mlio wa nyenje migombani, kisha herufi kama s na f: anasikia kwamba mtu anaongea, lakini "saa" na "faa" humfikia zimefanana. Ubaya ni kwamba kipimo cha kawaida huishia mitetemo 8,000 kwa sekunde, na madhara huanzia juu ya hapo.

Kuku aliyeharibiwa seli hizi huotesha nyingine. Binadamu hawezi.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba kanamaisini isiendelee kutumika kutibu kifua kikuu sugu, likavipa kipaumbele vidonge vikiwemo vya bedakwilini. Navyo vina udhia wake: vinaweza kuvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo anayevimeza hupimwa umeme wa moyo mara kwa mara.