Ubia wa Makanisa si Bakuli la Kuombea

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo tumeizoea mno hapa Eldoret, hata tumeipotoa maana. Mgeni wa kanisa akija kutoka ng'ambo, twamtazama mikono kabla ya kumtazama uso. Nami sijitoi katika lawama hii, kwani yaliyonifumbua macho yalinipata nikiwa safarini.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa Ulaya kuhubiri katika kanisa lililotaka kufunga udugu na usharika wetu. Baada ya ibada tulikaribishwa chai. Mfukoni nilikuwa na orodha niliyopewa na wazee wetu: mabati, madawati, kompyuta. Niliisoma yote, nao wakanisikiliza kwa adabu. Kisha bibi mmoja mkongwe akaniuliza, "Mchungaji, na ninyi mtatupatia nini?"

Nilicheka, nikidhani ni mzaha. Yeye hakucheka. Alinieleza kwamba mumewe alikuwa amefariki wiki tatu nyuma, na tangu siku ya maziko hapakuwa na mtu wa kanisa aliyebisha mlango wake. "Kwenu watu hufanyaje?" akauliza.

Niliona haya. Kwetu mfiwa haachwi peke yake. Majirani hukesha naye, akina mama huja na maziwa na unga, na wazee wa kanisa hufika jioni baada ya jioni. Jambo hilo halikuwamo katika orodha yangu, kwa kuwa sikuwahi kulihesabu kuwa ni mali. Jioni ile tulikwenda kwake watu saba, tukaimba na kusali hadi usiku.

Niliporudi nyumbani, mzee mmoja alifoka: "Tulikutuma mabati, umetuletea hadithi!" Sikumlaumu. Jengo letu lilikuwa limekaa bila paa misimu miwili ya mvua, maana waumini walikuwa wameacha kuchanga tangu waliposikia kwamba Wazungu wangekuja. Ahadi ambayo hata haikuwa imetolewa ilikuwa imekwisha kuua harambee yetu.

Ndugu msomaji, mji wetu una funzo la zamani katika jambo hili. Makaburu kutoka Afrika Kusini waliingia Uasin Gishu mwaka 1908, wakaja na kanisa lao la Kireformati. Ilipita miaka zaidi ya thelathini kabla ya kanisa hilo kuanza kwa dhati umisheni miongoni mwa Waafrika waliolima mashamba hayo hayo. Watu hao waliishi pamoja, wakamwomba Mungu mmoja, wala hawakuwa wabia. Kutokana na umisheni huo, na baadaye msaada wa Waholanzi, lilikua Kanisa la Reformed la Afrika Mashariki, ambalo makao yake yako hapa Eldoret. Basi kukutana pekee hakuzai ushirikiano.

Wapo waliokwisha kutuonya. Mwaka 1971, Mchungaji John Gatu, aliyekuwa katibu mkuu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, alisimama mjini Milwaukee, Marekani, akataka wamisionari na fedha za kigeni visitishwe kwa muda, ili makanisa ya Afrika yajifunze kusimama kwa miguu yao. Mwaka 1974 mkutano wa makanisa ya Afrika huko Lusaka uliunga mkono wito huo. Wengi waliuita utovu wa shukrani. Mimi nauona kuwa ulikuwa wito wa heshima, kwa kuwa asiyeweza kukataa hawezi pia kukubali kwa hiari.

Hata hivyo, sisemi tufunge milango. Tangu takriban mwaka 1990, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana vimeshirikiana katika mafunzo ya utabibu hapa Eldoret. Wanafunzi wao huja huku, na wetu huenda kule. Fedha hazilingani, lakini kila upande umekuwa mwalimu na mwanafunzi. Makanisa yashindweje?

Kwa maoni yangu, mambo matatu yatatufaa. Kwanza, barua yetu ya kwanza kwa kanisa la ng'ambo isiwe ya kuomba. Iwe ya kujuliana hali. Pili, kila shilingi ipokewayo isomwe hadharani, mbele ya mjane aliyetoa mayai yake kwa sadaka, na nakala ya hesabu hiyo ipelekwe kwa waliotuma. Tatu, mgeni atakayekuja akae katika nyumba zetu, ajifunze salamu zetu, ashike jembe siku ya tatu kama wahenga walivyoagiza. Akija kujenga, ajenge akiwa kibarua chini ya fundi wetu, asimwondolee kijana wa hapa ujira wake.

Ninyi walimu na wanafunzi, ambao shule zenu nazo hutafuta udugu na shule za mbali, jiulizeni swali la yule bibi kabla ya kutia kalamu karatasini.

Jengo letu sasa lina paa. Tulichanga wenyewe nusu ya mabati, na nusu ya pili ikatoka kwa ndugu zetu wa ng'ambo. Yule mzee aliyefoka ndiye aliyeandika barua ya shukrani. Mwishoni aliuliza kama bibi yule bado anatembelewa.