Sinema Chini ya Nyumba: Starehe Hutanguliwa na Usalama

Katika majimbo ya kaskazini ya Marekani na sehemu kubwa ya Kanada, nyumba haianzii kwenye kizingiti cha mlango. Chini ya sebule na jiko aghalabu mna ghorofa nyingine, pana sawa na nyumba yenyewe, yenye kuta za zege na iliyozungukwa na udongo pande zote. Asili yake si anasa. Wakati wa baridi kali maji yaliyomo ardhini huganda na kuvimba, udongo ukainuka pamoja nayo, na msingi uliokaa juu juu hupasuka. Kwa hiyo waashi wa huko hulazimika kuushusha msingi mita moja au zaidi, hata pale baridi isipofika. Na mtu akisha kuchimba kiasi hicho, si gharama kubwa kuongeza kina kidogo apate ghorofa nzima.

Kwa miaka mingi ghorofa hiyo ilikuwa makao ya tanuri la kupashia nyumba joto, mashine ya kufulia nguo na masanduku ya vitu vikuukuu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, familia nyingi zilianza kuipamba iwe mahali pa watoto kuchezea. Kisha kanda za video zikaingia majumbani katika miaka ya 1970, na diski za DVD zikaanza kuuzwa Marekani mwaka 1997. Hapo wengi wakatamani jambo jingine: kuigeuza ghorofa ya chini kuwa ukumbi mdogo wa sinema wa jamaa na wageni wao.

Si vigumu kuona kwa nini. Chumba hicho kina giza hata mchana, hakisikii magari, na sauti yake haiwaudhi majirani. Lakini sifa hizo hizo ndizo ziletazo hatari. Mahali pasipoingia mwanga ni vigumu kutokea, na mahali pasipoingia sauti onyo halisikiki. Mwenye nyumba mwenye busara hukumbuka hayo kabla ya kununua hata kiti kimoja.

Adui wa kwanza ni maji. Zege huonekana kavu, kumbe hupitisha unyevu polepole. Iko njia rahisi ya kulipima: karatasi ya plastiki yenye nusu mita kila upande hugandishwa sakafuni kwa utepe kingo zote nne, ikaachwa siku moja au mbili. Vitone vikitokea upande wa chini wa plastiki, unyevu unapanda kutoka ardhini. Vikitokea juu yake, unyevu umo katika hewa ya chumba.

Dawa ya maji mara nyingi iko nje ya nyumba. Mifereji ya paa husafishwa, na mabomba yake hurefushwa ili yamwage maji mbali na ukuta. Udongo nao huinamishwa, ushuke kama sentimita 15 katika mita 3 za kwanza kutoka nyumbani. Palipo na chemchemi za chini, huchimbwa shimo sakafuni na kutiwa pampu ya kuyatoa maji. Yote hayo yakisha timia ndipo kuta hufunikwa. Kwanza hubandikwa mabamba ya povu gumu juu ya zege, kisha husimamishwa fremu ya mbao, na mwisho hupigwa mbao za jipsamu. Ubao wa fremu ulalao juu ya sakafu huwa umetiwa dawa ya kuzuia kuoza, na jipsamu huachwa imeinuka sentimita moja au mbili. Fundi aegemezaye mbao tupu kwenye zege hufuga kuvu nyuma ya ukuta mzuri.

Adui wa pili haonekani wala hana harufu. Ni gesi ya radoni, izaliwayo na madini ya urani yaliyomo katika udongo na miamba, nayo hupenya kwenye nyufa za sakafu na kukusanyika chini ya nyumba. Serikali ya Marekani imekadiria kuwa gesi hiyo husababisha vifo kama 21,000 vya kansa ya mapafu kila mwaka nchini humo. Hata hivyo kuipima ni kazi ya siku chache kwa kifaa cha bei nafuu. Ikizidi, bomba hupenyezwa chini ya sakafu na feni huivuta gesi na kuitoa juu ya paa.

Jambo la tatu ni njia ya kutokea. Usiku wa tarehe 1 Septemba, mwaka 2021, mabaki ya kimbunga Ida yalipopita juu ya New York, mvua ya milimita 80 ilinyesha kwa saa moja tu. Watu 13 walipoteza maisha katika mji huo, na 11 kati yao walikuwa katika makazi ya chini ya ardhi. Hao hawakuwa watazamaji wa sinema, bali watu wa kawaida waliokuwa wamepanga vyumba vya bei nafuu. Lakini maji hayabagui. Kanuni za ujenzi zinazofuatwa sehemu nyingi za Marekani hutaka dirisha la kutorokea ambalo uwazi wake haupungui nusu mita ya mraba, na ambalo kizingiti chake hakizidi sentimita 112 kutoka sakafuni. Aidha, ving'ora vya moshi huunganishwa, ili kimoja kikilia juu, kingine kilie chini. Katika chumba kilichozuiwa sauti, jambo hilo ni la lazima.

Baada ya hayo, starehe ina haki yake. Sauti huzuiwa kwa uzito na kwa kuziba: tabaka mbili za jipsamu, sufi ya madini katikati ya fremu, na kila tundu kuzibwa. Trei za mayai, ambazo wengine huzibandika ukutani, hazizuii sauti kutoka. Kuta na dari karibu na pazia la sinema hupakwa rangi nzito isiyong'aa, mwanga usirudi na kuififisha picha. Kwa pazia lenye mita 2.5 kutoka pembe hadi pembe, viti huwekwa umbali wa mita 3 hadi 4. Spika ya maneno huwekwa katikati, mbili kulia na kushoto, mbili ubavuni, na moja ya sauti nzito chini.

Vitu hivyo vinavyometa ndivyo wageni watakavyovisifu. Hakuna atakayesifu mfereji wa paa, bomba la feni wala dirisha pana. Lakini waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta walijua kwamba kazi isiyosifiwa ndiyo iwekayo nyumba. Taa zikizimwa na watoto wakiketi kutazama picha, baba na mama walioianza kazi nje, kwenye udongo, watatulia pamoja nao bila wasiwasi.